Siku sita Mwanza: gesti ya mlimani, sato na ziwa lisilo na chumvi

Mimi ni fundi wa majokofu, natokea Tanga. Ofisi ilinituma Mwanza kukarabati chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki. Kanda ya Ziwa sikuwahi kufika, wala simjui mtu. Nikatafutiwa gesti mlimani upande wa Kirumba, shilingi 25,000 kwa usiku pamoja na chai.

Nianze na kilichonikera. Maji yalikatika siku mbili mfululizo na mapokezi hawakusema mapema. Nimerudi kazini mikono imejaa grisi, nafungua bomba, linakoroma tu. Ziwa lote liko dirishani, tone la kunawa hakuna! Gesti inayopokea watu wa kazi lazima iwe na tangi la akiba. Na bodaboda inaishia chini. Unamalizia kwa ngazi zinazopita katikati ya mawe makubwa kama nyumba. Ukiwa na begi la spana utahema.

Ila mama wa jikoni nampa alama zote. Siku ya kwanza alinisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akanifundisha kuitikia. Yale maji yalipokatika, alituma vijana wakachote bondeni, na saa kumi na moja alfajiri nikakuta ndoo ya moto mlangoni. Sikumwomba. "Baba, huendi kazini hujaoga," akasema, akarudi kwenye chapati zake.

Mchana nilikula Mwaloni, sokoni kwenyewe, magunia ya dagaa yakipakiwa pembeni, mengine safari yake Kongo. Nimezoea changu na kibua, kwa hiyo sato niliagiza kwa mashaka. Akaletwa wa kuchemsha, nyanya na limau, ugali pembeni. Nyama inaachia mfupa ukiigusa tu kwa kidole. Nikala sato siku zote zilizobaki.

Jiwe la Bismarck, lile maarufu lililosimama majini, nililiona kwa kupita. Siku ya tano kazi ilinipeleka Sengerema kupitia Daraja la Magufuli, lile lililofunguliwa Juni 2025. Kilomita 3 za juu ya maji zikaisha tukiwa bado tunaongelea foleni za kivuko cha Kigongo.

Lakini kitu ambacho bado nakiwaza ni kondensa ya kile chumba cha baridi, yaani sehemu inayotoa joto nje. Ilikuwa nje kwa miaka, hatua chache kutoka majini. Nilipofungua kifuniko, vile vibati vyake vyembamba vilikuwa vizima, vinang'aa. Kwetu Tanga mashine ya umri ule chumvi ingeshaila, ukiigusa inamomonyoka kama unga. Najua fika kwamba ziwa ni maji baridi, lakini nilishuka ufukweni nikachovya kidole nikalamba. Mawimbi yanapiga kama ya baharini kwetu Raskazone, Tanga, na chumvi hakuna hata chembe.

Nikitumwa tena nitafikia palepale. Nawe ukienda, omba chumba cha juu upande wa ziwa, na kabla hujalipa, uliza kama kuna maji.