Chati ya nasaba ya akina Capet: nilivyoitumia Saint-Denis, na kijana aliyeachwa nje

Chati hii ya akina Capet, ukoo wa wafalme wa Ufaransa, niliinunua Paris kwa yuro 14, kwenye kibanda cha vitu vya watalii. Ni karatasi nene iliyokunjwa mara nane, ukiikunjua inafika karibu mita moja kwenda chini. Juu kabisa yupo Hugues Capet na mwaka 987, chini kabisa Charles IV na mwaka 1328, na kati yao unashuka mstari mwekundu, baba kwa mwana. Pembeni ya kila mfalme aliyezikwa kwenye Basilika ya Saint-Denis wameweka alama ndogo ya taji. Alama hizo ndizo zilizonitoa pesa, maana kesho yake nilikuwa naenda huko na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayekaa karibu na kituo cha metro, mstari wa 13.

Sifa zake kwanza. Rangi nzuri, miaka ya utawala ipo, na wake wameandikwa wote. Hilo la wake si dogo. Robert II, mwana wa Hugues, alioa mara tatu, na ndoa yake ya pili ilimgombanisha na Papa kwa sababu yeye na Berthe walikuwa ndugu wa karibu mno. Huyo ndiye ambaye historia inamwita Mcha Mungu! Henri I akaposa mbali kabisa, Kiev, akamwoa Anne binti Yaroslav mwaka 1051. Mtoto wao akapewa jina la Kigiriki ambalo ukoo haukuwa nalo, Philippe. Kwenye chati unaliona jina linaingia, kisha linajirudia: wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Nilishawahi kusoma habari hizo bila kuligundua hilo.

Kasoro ya kwanza iko pale juu. Kwa chati hii utadhani Hugues alidondoka kutoka mbinguni. Baba wa babu yake, Robert Mwenye Nguvu, aliuawa Brissarthe mwaka 866 akipigana na Waviking. Eudes, mwana wa huyo Robert, aliilinda Paris ilipozingirwa 885–886, na mwaka 888 wakubwa wa nchi wakamfanya mfalme. Ndugu yake, Robert I, akavishwa taji 922, mwaka uliofuata akafia vitani Soissons, na taji likaenda kwa mkwewe Raoul. Mwana wa Robert I, Hugues Mkuu, baba wa Hugues Capet, ufalme hakuupata, lakini mfalme aliyetaka kulala usingizi ilimbidi apatane naye. Mkewe alikuwa Hadwige, dada wa Otto I wa Ujerumani. Kwa hiyo mfalme Louis V alipokufa 987 kwa ajali ya mawindoni, bila mtoto, na wakubwa wakakutana Senlis wakamwacha ami yake, Charles wa Lorraine, Hugues Capet waliyemchagua hakuwa wa kuokotwa. Familia yake ilishavaa taji mara mbili. Nafasi ya majina hayo manne matano ilikuwepo kabisa. Hapo juu wamechora ua la mapambo.

Kasoro ya pili ndiyo iliyonikera, na niliigundua nikiwa ndani ya basilika yenyewe. Miaka ya 1260 Louis IX aliagiza zichongwe sanamu 16 za kulala za wafalme na malkia waliomtangulia. Zimebaki 14. Ya Hugues Capet haipo, wala ya Eudes. Tukawa tunapita moja moja, mimi nasoma chati, shemeji anasoma vibao. Robert II na Constance wa Arles, sawa. Henri I na Louis VI, sawa. Tukafika kwenye jozi nyingine: kijana mwenye taji, macho wazi yanatazama juu kama wenzake wote, na mwanamke pembeni yake.

“Shemeji, huyu Philippe ni yupi? Mtafute humo.”

Nikapanda na kushuka na kidole. Hayumo.

Ni mtoto wa kwanza wa Louis VI. Alitawazwa 1129, baba yake yu hai. Oktoba 1131 alikuwa amepanda farasi mjini Paris, nguruwe akachomoka, farasi akajikwaa, kijana akaanguka na kufa. Abate Suger, mkuu wa watawa wa hapo hapo Saint-Denis, aliyeandika maisha ya Louis VI, anamwita mnyama yule nguruwe wa kishetani. Siku chache baadaye Papa Innocent II mwenyewe akamtawaza mdogo wake pale Reims, mtoto aliyekuwa akilelewa kwa ajili ya kanisa. Huyo ndiye Louis VII. Na mwanamke aliyelazwa pembeni ya Philippe si mkewe. Ni Constance wa Castile, mke wa pili wa huyo huyo mdogo wake, aliyeolewa 1154, zaidi ya miaka 20 baada ya Philippe kuzikwa. Yaani amelala na shemeji yake asiyepata kumwona. Shemeji wangu alicheka mpaka mlinzi akageuka.

Si yeye peke yake. Hugues, mwana mkubwa wa Robert II, alitawazwa 1017, akafa 1025 kabla ya baba yake. Hayumo pia. Na huwezi kuuelewa ule mstari mwekundu bila watu hawa. Hugues Capet alichaguliwa, na aliyechaguliwa anajua mwanawe anaweza asichaguliwe. Ndiyo maana Krismasi ya mwaka ule ule wa 987 alimtawaza Robert pale Orléans. Askofu Mkuu Adalbero alisita kuweka wafalme wawili ndani ya mwaka mmoja. Hugues akatoa hoja ya vita vya Hispania, kwamba Borrell wa Barcelona anaomba msaada na njiani lolote linaweza kutokea. Safari yenyewe hakuifanya. Mchezo huo uliendelea mpaka Philippe II, aliyetawazwa 1179 baba yake akiwa bado hai, wa mwisho kufanyiwa hivyo.

Philippe I naye amewekewa alama ya taji, ilhali alichagua kuzikwa Saint-Benoît-sur-Loire. Tulimtafuta bure nusu saa.

Nilimwandikia muuzaji. Jibu likaja kwamba wanahesabu waliotawala peke yao tu. Sasa mbona Jean I yumo? Alizaliwa Novemba 1316, baba yake Louis X ameshakufa, akaishi siku tano. Wa siku tano ana duara lake na taji lake, Philippe aliyevaa taji miaka miwili na nusu hana hata nukta. Barua ya pili haikujibiwa, na pesa hawarudishi.

Nyota tatu kati ya tano. Mikunjo imeanza kuchanika, mmoja umepita katikati ya jina la Louis VI. Hata hivyo iko ukutani sebuleni. Philippe nimemwandika kwa penseli, na shemeji akamchorea nguruwe mdogo pembeni.