Kabla ya kuongeza farasi: breki za diski kwenye Mustang ya 1967

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena gerejini hapa Columbus, Ohio. Leo boneti nimeifunga makusudi. Najua wengi mmekuja kuona injini, na injini kweli ni nzuri: V8 ya inchi za ujazo 289, yaani lita 4.7, ile ya kabureta ya midomo minne ambayo Ford waliitoa kiwandani na nguvu farasi 225. Lakini njooni huku mbele, mchuchumae nami hapa kwenye gurudumu.

Mnaiona hii diski? Wiki tatu zilizopita hapa palikuwa na ngoma ya inchi 10, yaani bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, breki ileile gari lilitoka nayo kiwandani. Mwaka ule diski za mbele ulikuwa unazilipia zaidi, na wengi walichukua ngoma. Siidharau ngoma, ikiwa baridi inakamata vizuri. Shida ni ukiitumia mfululizo. Chuma kikipata moto kinatanuka, ngoma inazikimbia brekishu, yaani vile viatu vinavyoisugua kwa ndani, pedali inazama, unakanyaga mpaka goti linauma na gari bado linakwenda. Nililijaribu kwenye barabara tupu kwa maili 60 kwa saa, karibu kilomita 97. Mara ya nne nilipitiliza alama niliyoweka, na moyo ulinienda mbio. Siku ya mvua nayo lilikuwa linavuta kushoto kama ng'ombe aliyeona majani.

Sasa seti yenyewe. Imekuja na diski za inchi 11, kalipa (zinazobana diski kwa pedi), hozi, masta silinda (inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali) na vali ya kugawa presha. Kufunga diski na kalipa ni kazi ya asubuhi moja. Rimu zangu za zamani za inchi 14 ziligusa kalipa, nikalazimika kuvalisha za 15, kwa hiyo hiyo bei muiweke kwenye hesabu.

Kilichonila siku nzima ni masta silinda. Iliyokuwa kwenye boksi ilikuwa ya ngoma. Masta nyingi za ngoma za enzi zile zina kijivali ndani kinachobakiza presha kidogo ili brekishu zisirudi mbali. Kwenye diski presha hiyo ni balaa, pedi hazibanduki. Nilizunguka mtaa tu nikarudi na harufu ya kuungua. Ukisogeza kiganja kwenye rimu unasikia joto kama la jiko la mkaa. Nikawapigia wauzaji, wakanibadilishia bila ubishi. Lakini nyie ulizeni kabla ya kufunga, maana diski ikishapinda kwa joto ni hasara.

Hiki kinobu hapa cha ile vali ya kugawa presha kinapunguza presha inayokwenda nyuma, ambako ngoma nimeziacha. Ukikanyaga kwa nguvu, uzito wote unakimbilia mbele na mkia unabaki mwepesi. Nyuma zikijifunga kwanza, gari linakugeukia. Nilianza na presha ndogo, nikawa naongeza robo mzunguko, najaribu, naongeza tena, mpaka nikafika pale ambapo mbele zinajifunga kidogo kabla ya nyuma. Hapo sijagusa tena.

Nikarudi barabara ileile, mwendo uleule. Mara ya nane pedali iko palepale, na gari limesimama limenyooka. Naipa seti hii nane kwa kumi. Mbili nimezikata kwa ile masta. Kabureta kubwa zaidi na ekzosi mnazoniulizia kila siku zitakuja, lakini nisingezifunga kwenye gari lisilosimama.

Kabla hujaagiza, hesabu nati za gurudumu lako. Mustang ya V8 ina nati 5, ya silinda 6 ina 4, na seti hii ni ya nati 5. Ukiipeleka kwenye ya silinda 6, itabidi ubadilishe na ekseli ya nyuma ndipo rimu zilingane.