Sikio Moja Latosha: Kisanduku cha Back to Mono

Dada yangu hasikii tena kwa sikio la kushoto. Ugonjwa ulimwondolea miaka sita iliyopita, na tangu hapo kila anayemtembelea hukaa upande wake wa kulia. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonifanya nikitafute kisanduku hiki cha diski za muziki, na ndilo nililokipimia.

Mwaka 1963 yeye alikuwa na miaka kumi na sita, mimi kumi na miwili. Santuri zilikuwa zake, zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja upande huu na mmoja upande wa pili. Gramafoni ilifungwa kama sanduku la safari na ilikuwa na spika moja tu, mbele. Kazi yangu ilikuwa kugeuza sahani na kuangalia sindano isibebe vumbi. Yeye aliimba, mimi niliitikia. Hadi leo wimbo wa enzi ile ukianza, koo langu linangoja kiitikio.

Santuri zile zilipotea katika kuhamahama. Mwaka jana nikamnunulia diski ya mkusanyiko, nyimbo thelathini za mwanzoni mwa miaka ya sitini. Nikamvisha hedifoni. Akasikiliza kidogo, akakunja uso.

"Mdogo wangu, mbona wanapiga tu? Mwimbaji yuko wapi?"

Nikazivaa mwenyewe. Mwimbaji alikuwapo, lakini alikuwa amewekwa kushoto peke yake, ngoma na magitaa yote yako kulia. Sikio la dada lililobaki lilikuwa limepewa bendi isiyo na mtu wa kuimba.

Hilo lina sababu yake. Studio nyingi za wakati ule zilirekodi kwenye kanda zenye njia mbili au tatu tu, halafu vyote vikachanganywa kuwa sauti moja, mono, kwa ajili ya santuri. Redio ilikuwa na spika moja, gari spika moja, gramafoni yetu spika moja. Kwa hiyo watayarishaji na mafundi mitambo walitoa jasho lao kwenye mono. Stirio, yaani sauti iliyogawanywa kushoto na kulia, mara nyingi ilifanywa baadaye na haraka: sauti huku, vyombo kule. Diski zilipoingia sokoni, kuanzia Japani mwezi Oktoba 1982, wauzaji wengi walizirudia kanda hizo za stirio wakidhani msikilizaji atafurahia upya wake. Mimi sikufurahia. Wimbo ule haukupata kuwa hivyo siku ulipotupendeza.

Nilijaribu diski ya pili kabla ya kisanduku hiki, na hapo nilikosea kutosoma maandishi madogo ya nyuma. Waimbaji walikuwa wale wale wa zamani kweli, ila walikuwa wameingia studio upya wakiwa watu wazima. Dada aligundua kwa mstari wa kwanza tu. Alisema, "Huyu ameshalea watoto." Ukiona imeandikwa kwamba nyimbo zimerekodiwa upya, irudishe rafuni, hata kama jina la mwimbaji ndilo lile unalolipenda.

Jambo jingine la kuangalia, hasa kwa diski za bei rahisi zinazotengenezwa Ulaya. Kule haki ya rekodi ilikuwa ya miaka 50, kisha ikaongezwa hadi 70 kwa sheria iliyoanza kutumika 2013. Rekodi zilizotoka hadi mwisho wa 1962 zilikuwa tayari zimeshapitwa, na yeyote aliruhusiwa kuzichapa. Za 1963 zikalindwa. Ndiyo maana utakuta visanduku vikubwa vyenye nyimbo mia moja vinakatikia 1962, na unatafuta "Be My Baby", wimbo wa The Ronettes wa 1963, ukurasa hadi ukurasa usiuone.

Back to Mono kilitoka 1991. Ni diski nne za kazi alizotayarisha Phil Spector, mtayarishaji wa muziki wa Marekani, kati ya 1958 na 1969. Ndani kuna kitabu kikubwa chenye picha, na makala ya mwandishi Tom Wolfe aliyoiandika miaka hiyo hiyo ya sitini, na beji yenye maneno ya jina la kisanduku. Beji dada ameibandika kwenye sweta lake na hataki kuitoa.

Kinaanza na The Teddy Bears, 1958, wimbo mpole wa watoto wa shule, bado hauna ule "ukuta wa sauti", vyombo vingi vikipigwa kwa pamoja, uliompa Spector jina. Unapita kwa Ben E. King, unapita kwa The Paris Sisters ambao huimba kama wanaogopa kumwamsha mtu, halafu unawafikia wasichana wa The Crystals na mambo yanabadilika. Hapo ndipo kinapostahili kusikilizwa kwa mpangilio, bila kuruka. Unasikia vyombo vikiongezeka wimbo hadi wimbo: gitaa moja linakuwa matatu, piano moja inakuwa mbili, mpaka huwezi tena kusema hiki ni chombo gani. Studio ilikuwa Gold Star, Los Angeles, na chumba hakikuwa kikubwa. Wapigaji walijazana, sauti zao zikaingiliana kwenye maikrofoni, kisha zikapelekwa kwenye vyumba vidogo vya zege vya mwangwi na kurudi. Jack Nitzsche ndiye aliyepanga vyombo, Larry Levine akakaa kwenye mitambo. Mchanganyiko kama huo huwezi kuupasua kushoto na kulia ukabaki mzima. Uliungwa uwe kitu kimoja.

Na sasa "Be My Baby". Ngoma ya Hal Blaine peke yake, mapigo matatu mazito na la nne linapasuka, mara mbili, kabla hajaingia yeyote. Sijui nimeisikia mara ngapi. Nilipoiweka kwenye diski hii nilishika kiti. Kastaneti, vile vibao vidogo vya kugonganishwa viganjani, zinachekecha kwa mbali, nyuzi zinapanda, na katikati ya msongamano huo wote Ronnie anaimba kana kwamba chumba ni kitupu. Sauti yake ina mtetemo mwishoni mwa neno ambao dada aliufanyia mazoezi majira mazima ya mvua. The Ronettes walikuwa Veronica Bennett, ndiye Ronnie, na dada yake Estelle, na binamu yao Nedra Talley. Ndugu watupu. Sisi tulikuwa wawili, tulikosa binamu tu.

"He's a Rebel" wa 1962 ni kisa kingine. Kwenye santuri na kwenye orodha ya kisanduku umeandikwa ni wa The Crystals, na ulifika namba moja Marekani. Lakini The Crystals walikuwa New York, mtayarishaji alikuwa California na haraka zake, akawaita Darlene Love na wenzake wa kundi jingine, The Blossoms. Wao ndio tunaowasikia. Dada aliimba wimbo huo miaka sitini akimshukuru mtu asiye yeye. Nilipomweleza alinyamaza, kisha akasema jina la Darlene Love polepole, mara mbili, kama anayejifunza jina la jirani aliyemsaidia bila kujitambulisha.

Hapo ndipo kisanduku kinaponiudhi. Jina lililo juu ni la mwanamume aliyeketi nyuma ya kioo. Wasichana wako ndani, kwenye herufi ndogo. The Ronettes walisaini mkataba 1963, wakapata malipo ya awali yasiyofika dola 15,000 kwa wote, na mgao wa mauzo hawakupata. Walilipeleka shauri mahakamani miaka mingi baadaye. Ronnie aliolewa na Spector 1968 na kumtoroka 1972. Mwaka 2009 Spector alitiwa hatiani kwa kumuua mwigizaji Lana Clarkson, na alifariki 2021 akiwa bado mfungwa. Siwezi kusikiliza na kujifanya siyajui. Pia umo wimbo wa The Crystals wa 1962 ambamo msichana anaona kipigo cha mpenzi wake ni kama busu. Dada huuruka kila mara, na mimi hubonyeza kabla hajaniambia.

Diski ya nne ni ile albamu ya Krismasi iliyotoka 22 Novemba 1963, siku aliyouawa Rais Kennedy. Darlene Love humo ndani anaimba kama anaita mtu aliye ng'ambo ya mto. Nyimbo za mwisho mwisho za diski ya tatu, za kuelekea 1969, mimi siziendei sana.

Kuhusu ubora wa sauti: ni safi, maneno yanasikika, hakuna mkwaruzo. Lakini ngoma ya santuri ilipiga kifuani zaidi kuliko hii. Ukisikiliza kwa spika, ongeza sauti kidogo kuliko ulivyozoea, na ukiwa na kifaa chenye spika moja tu, kitumie hicho bila wasiwasi.

Sisi tulitumia hedifoni, zile za waya zenye vipande viwili vya kuchomeka masikioni. Dada alichomeka cha kulia. Cha kushoto alikishika mkononi, akakitazama, akanipa.

"Chukua, mimi hiki hakinisaidii."

Nikakichomeka. Ngoma, kastaneti, Ronnie, nyuzi, waitikiaji, wote walikuwa kwangu, na wote walikuwa kwake. Alipofumbua mdomo kuanza ubeti wa kwanza, nikajiweka tayari kwa kiitikio.