Uzoefu wangu: mashine mbili za kuchimba Bitcoin nyumbani, na lugha niliyopewa Kariakoo

Niliporudisha mashine dukani Kariakoo, nikiwa nimeifunga kwa khanga mbili ili isigongwe ndani ya bajaji, muuzaji hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. Aliniambia mbele ya wateja watatu: "Bi mkubwa, hizi ni hesabu za kompyuta, si za vikoba." Mimi nimeshika vitabu vya hesabu kwa zaidi ya miaka ishirini, vya vikoba vikiwemo, na sijawahi kufunga mwaka nikiwa na pengo la shilingi moja lisilo na maelezo. Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, na ninalisema hilo mapema ili msomaji aupime ushuhuda wangu kwa haki.

Mashine hiyo ni Antminer S9 ya mtumba, kompyuta ya kazi moja tu: kukisia namba usiku na mchana, na anayepatia hulipwa kwa Bitcoin, sarafu ya mtandaoni. Sina ugomvi na walioitengeneza, kwani iliingia sokoni mwaka 2016 na hadi kunifikia mimi ilikuwa imeshawatumikia watu nisiowajua kwa miaka mingi. Ndani yake mna bodi tatu, kila moja ikiwa na chipu 63. Siku ya kununua, muuzaji aliiwasha kwa dakika chache, bodi zote tatu zikaonekana, naye akaniapia kwamba haijawahi kufunguliwa. Hazikupita wiki mbili, asubuhi moja nikafungua ukurasa wa mashine na kukuta safu mbili tu za chipu, nguvu ikiwa imeshuka kutoka terahashi 13 na kitu hadi 9, terahashi moja ikiwa makisio trilioni moja kwa sekunde. Fundi wa redio wa hapa kwetu Tabata alipoifungua alinionyesha bodi ya katikati ikiwa na alama za kulehemiwa upya, na chipu kadhaa zilizobadilishwa ambazo rangi yake haikufanana na za jirani. Kitu kilichoapiwa kuwa hakijaguswa kilikuwa kimeshapita mikononi mwa fundi mwingine kabla ya kuja kwangu.

Nilimpelekea muuzaji picha za bodi hiyo. Kwanza alisema umeme wa Tabata ndio ulioiua. Nilipomwonyesha alama za lehemu, akasema mali ikishatoka dukani ni ya mnunuzi. Nilipoendelea kusimama, akanijibu neno ambalo hadi leo likinijia usiku usingizi hukatika: "Kama una malalamiko, mama, yapeleke Benki Kuu." Alijua vizuri alichokuwa akisema. Mnamo Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwa umma dhidi ya matumizi ya sarafu za mtandaoni, na watu wengi tangu hapo wanaogopa hata kutamka neno Bitcoin mbele ya ofisa yeyote, ingawa Sheria ya Fedha ya 2024 imeshaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mauzo ya mali za kidijitali. Mtu huyu aliutumia woga huo kama kufuli la duka lake. Mimi sikuwa nalalamikia sarafu. Nilikuwa nalalamikia bodi ya chuma na chipu niliyoilipia fedha taslimu, kama ambavyo ningelalamikia pasi au friji.

Kuhusu faida, ambayo ndiyo wengi wanaiuliza, nitasema nilichokiona. Ikiwa nzima, mashine hii ilikula zaidi ya uniti 31 kwa siku. Kabla yake nilikuwa katika kundi la matumizi madogo, lile la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Mashine ilizimaliza uniti hizo kabla ya siku ya tatu kwisha. Kwa bei ya kawaida ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, ambayo pamoja na kodi na tozo ni takriban shilingi 356 kwa uniti, hiyo ni zaidi ya shilingi 11,000 kila siku, na mapato yangu kupitia kundi la wachimbaji wanaounganisha nguvu hayakufika shilingi 2,000 hata siku moja. Karatasi ya hesabu aliyonionyesha muuzaji ilikuwa na umeme wa senti tano za dola kwa uniti, wakati sisi tunalipa karibu mara tatu ya hapo, na ilikuwa imeandikwa kabla ya Aprili 2024, malipo ambayo mtandao wa Bitcoin humpa mchimbaji kwa kila bloku, yaani kila fungu la miamala linaloingizwa kwenye daftari lake, yalipokatwa kutoka bitcoin 6.25 hadi 3.125. Nikapiga hesabu hiyohiyo kwa mashine mpya za kizazi cha S19 na S21, nikitumia bei yetu ya umeme: kwa mapato ya wakati ule S19 ilipata hasara, na S21 ilikaribia kurudisha umeme wake bila kuvuka, kabla hujagusa bei ya kuinunulia. Kelele nazo si za kuishi nazo. Mzee wa nyumba ya pili alikuja kuniuliza kwa upole jenereta letu tunalizima saa ngapi.

Mashine ya pili niliyo nayo ni Bitaxe, kijidude kinachotosha kiganjani, alichoniletea mtoto wa dada yangu. Michoro yake iko wazi kwa kila mtu, kwa hiyo fundi wangu anaweza kusoma njia ya kila waya bila kubahatisha, na hilo pekee lilinipa faraja kubwa baada ya yaliyonikuta. Inatumia takriban wati 17, ambazo kwa siku hazifiki nusu uniti, na feni yake haizidi sauti ya feni ya kompyuta. Kwa terahashi moja na kidogo, inachokipata kinakaribiana na inachokila. Anayeitaka kwa ajili ya faida asiinunue, kwa maana bei yake hairudi. Hata hivyo ninaipenda, na kila jioni nikirudi huitazama kioo chake kidogo kabla sijavua viatu.

Nilikusudia kuandika kwamba mtu yeyote mwenye LUKU asiguse S9 kabisa. Sasa nikisoma niliyoyaandika naona siwezi kulisema hivyo kwa ukali niliokusudia. Usiku ule wa kwanza, nilipoona satoshi za mwanzo, yaani vipande vidogo kabisa vya Bitcoin, zimeingia kwenye pochi yangu ya mtandaoni, niliwaamsha watoto waje kuona, na furaha ile ilikuwa ya kweli. Hasara ya umeme ningeibeba mwenyewe, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwangu na sikuikagua karatasi ya mtu. Hata bodi, kama angeniambia, "Mama, samahani, na mimi niliiuziwa hivyo, tugawane gharama ya fundi," ningempa mkono na leo ningekuwa ninawaelekeza ninyi dukani kwake.

Bitaxe naipa nyota nne. S9 naipa mbili, moja ikiwa ya usiku ule. Bodi mbovu ninayo bado ndani ya khanga, na Jumamosi nitairudisha tena Kariakoo, safari hii nikiwa na fundi na risiti.