Kliniki za mabingwa, timu ya daktari wa familia na muuguzi wa nyumbani: uzoefu wangu wa kumuuguza mama

Mama yangu ana kisukari, presha na magoti yanayomsumbua. Kwa nyakati tofauti ametibiwa kwa mifumo mitatu: kliniki za madaktari bingwa katika hospitali kubwa, daktari wa familia anayefanya kazi na timu, na muuguzi anayemfuata nyumbani. Wenzangu wanaouguza wazazi huniuliza upi ni bora. Nitaeleza nilichokiona, na upande nilioegemea sitauficha.

Hospitali kubwa ndiko alikookolewa. Sukari ilipompanda hadi akaanza kupoteza fahamu, alitundikiwa dripu, akawekewa insulini ya mshipani kidogo kidogo, na damu ikawa inapimwa usiku kucha, kwa sababu insulini inaposhusha sukari hushusha na potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, na potasiamu ikishuka mno moyo huyumba. Kazi hiyo inataka mashine, maabara isiyofungwa na watu wasiolala. Kwa dharura, hospitali ile naipa alama zote.

Taabu ilianza aliporuhusiwa. Alipangiwa kliniki tatu, ya sukari, ya moyo na ya mifupa, kila moja na siku yake, faili lake na daktari wake. Kliniki ya moyo ikampa enalaprili na dawa ya kukojoza kwa ajili ya presha. Kliniki ya mifupa, ilipoona magoti yamevimba, ikamwandikia diklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe. Ukizitazama moja moja, utaona kila dawa ina sababu yake. Zikikutana ndani ya mwili mmoja, tena wa mtu mzima kama yeye, figo ndizo zinazoumia: dawa ya kukojoza hupunguza maji mwilini, diklofenaki hubana mishipa midogo inayoingiza damu kwenye chujio la figo, na enalaprili hulegeza ile inayoitoa. Msukumo wa kuchuja damu unashuka pande zote. Mama akaanza kuvimba miguu na kuishiwa nguvu, nasi tukadhani ni uzee. Kumbe kreatinini yake, uchafu wa damu unaopanda figo zikishindwa kuuchuja, ilikuwa imeshapanda, na karatasi ya majibu ilikuwamo kwenye faili la kliniki ya sukari, ambalo daktari wa mifupa hakuwahi kulishika mkononi. Jambo hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu hapakuwa na daktari mzembe hata mmoja. Kila mmoja alikitibu vizuri kiungo chake.

Tulihamia kwa daktari wa familia mwenye timu: muuguzi, mfamasia na mtaalamu wa lishe. Tuliambiwa twende na dawa zote za nyumbani, zikiwemo tulizojinunulia na za mitishamba. Mfamasia akazimwaga mezani, akazipanga mafungu mafungu, akasoma kila pakiti kwa sauti huku mama akieleza anameza lini na kwa nini. Alipofika kwenye diklofenaki akaisogeza pembeni, akainuka kwenda kumwita daktari hapohapo. Ikaachishwa, akapewa parasetamoli na mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja. Damu iliporudiwa kupimwa, kreatinini ilikuwa inashuka.

Nilipofuatilia nikakuta mfumo huu una wazee wake. Azimio la Alma-Ata, la mkutano wa kimataifa wa afya wa mwaka 1978, lilizitaka nchi ziweke huduma ya afya ya msingi mbele, karibu na watu wanakoishi. Miaka ya 1990 daktari Edward Wagner na wenzake huko Seattle, Marekani, wakaupanga mfumo wa kuhudumia magonjwa sugu: mgonjwa anayeelewa ugonjwa wake akutane na timu iliyokwisha kujiandaa kabla hajafika. Na kwa kweli, mama alipoingia chumbani majibu ya HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, yalikuwa yamefunguliwa tayari. Muuguzi alimwambia afumbe macho, akamgusa nyayo kwa uzi wa nailoni unaopinda ukibanwa kwa gramu 10. Mama kila akiguswa anasema "hapo". Chini ya kidole gumba cha kulia hakusema kitu. Tangu siku hiyo miguu yake inakaguliwa kila jioni na hatembei peku, maana mguu usiohisi huumia bila mwenyewe kujua.

Kasoro zipo. Wahudumu wakihamishwa, mgonjwa hujikuta anasimulia upya. Rufaa ya kupimwa macho, ambayo mwenye kisukari anaihitaji kila mwaka, tuliifuatilia sana hadi ikatoka.

Huduma ya nyumbani sikuitarajia makubwa, lakini ndiyo iliyonifunza zaidi. Sukari ya mama ilikuwa inapanda na kushuka bila mpangilio, na kila kliniki ikitushauri apunguze wanga. Muuguzi alipofika hakuanza na ushauri. Alimwomba mama ajichome insulini kama kawaida yake, naye akawa anatazama. Kisha akampapasa tumbo, akakuta uvimbe mgumu kushoto kwa kitovu, pale pale anapojichoma siku zote kwa sababu hapaumi. Mafuta yalikuwa yamejikusanya chini ya ngozi na insulini ikinyonywa leo sana, kesho kidogo. Akamfundisha kuhamahama sehemu za kujichoma, na kabla hajaanza akampigia simu daktari apunguze dozi, kwa kuwa kwenye ngozi isiyo na uvimbe dawa ileile ingeweza kumshusha sukari kupita kiasi. Kliniki isingeliona jambo hili kwa sababu kliniki hamwoni mtu akijichoma. Uholanzi huduma ya namna hii imepanuka sana kupitia Buurtzorg, shirika la wauguzi wa nyumbani lililoanza mwaka 2006 kwa timu za wauguzi wasiozidi 12 wanaojipangia kazi wenyewe, na sasa naelewa kwa nini.

Ila muuguzi akiondoka, usiku ni wa familia. Asiye na mtu wa kushinda na mgonjwa asiutegemee mfumo huu peke yake.

Kuonana na daktari kwa simu tumekutumia kidogo. Kunafaa kusomewa majibu na kurekebisha dozi. Kidonda hakitibiwi kwa kamera.

Kwa ugonjwa mmoja unaohitaji upasuaji au mtambo mkubwa, ningeenda kwa bingwa moja kwa moja. Kwa mtu mwenye magonjwa mawili matatu ya kudumu, nachagua timu ya daktari wa familia, muuguzi wa nyumbani akiwa sehemu yake, na bingwa aitwe panapo haja. Kabla hujajiandikisha mahali popote, uliza ni nani atakayesoma majibu ya kliniki zote kwa pamoja. Wakikutajia mtu na cheo chake, kaa hapo. Wakikwambia faili litaonyesha, endelea kutafuta.

Ukimhamisha mgonjwa, omba nakala ya majibu ya vipimo na orodha ya dawa anazotumia, na uombe pia orodha ya zilizoachishwa pamoja na sababu zake. Orodha hiyo ya zilizoachishwa wengi huisahau. Mama alipolazwa tena kwa nimonia, daktari wa wadi alikuwa ameshaanza kumwandikia diklofenaki ya maumivu ya kifua. Nikampa karatasi ya dawa zilizoachishwa, akaisoma, akaifuta diklofenaki.