Unatoka CC 125: Pikipiki Ipi Yenye Nguvu Zaidi Ununue Mwanza

Wengi wanaotafuta pikipiki kubwa Mwanza wanaanza na swali la CC, yaani ukubwa wa injini. Swali hilo lingekuja la tatu. La kwanza ni barabara unazopita kila siku, la pili ni breki za hiyo pikipiki na uzito wake siku ikilala chini. Mtu aliyejifunzia Boxer 100 au HLX 125, na hajamaliza mwaka barabarani, anahitaji nguvu ya kupanda kilima cha Bugando na abiria bila kuilazimisha injini, na ya kulipita Fuso barabara ya Shinyanga bila kukaa upande wa pili muda mrefu. Kazi hiyo pikipiki ya CC 150 inaimaliza. Ukizidisha hapo unalipia nguvu ambayo mkono wako bado hauwezi kuitawala.

Piga hesabu hii kwanza. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 50 hadi 70 kwa saa, umbali wa kusimama kwa breki unakaribia kuwa mara mbili, ingawa mwendo wenyewe haujaongezeka hata nusu. Na kabla hujagusa breki, sekunde moja ya kushtuka ukiwa kwenye 70 imeshakula karibu mita 20. Pikipiki yenye nguvu ya farasi 20 inakufikisha 70 ukiwa bado unadhani uko 50, kwa sababu haipigi kelele za kuelemewa kama ile uliyoizoea.

Jambo jingine ambalo muuzaji hatakwambia: Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wenyewe unaanzia hapo kwenda juu. Hewa ni nyepesi kidogo, injini inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi. Farasi 15 za brosha hapa ni kama 13 na nusu. Ukiona pikipiki mpya haivuti kama ulivyosimuliwa, usikimbilie kumwambia fundi achezee kabureta.

Halafu leseni. Daraja A1 ni la pikipiki ndogo, chini ya CC 125. Ukipanda 150 unahitaji daraja A. Wengi wanalikumbuka hili wakiwa wamesimamishwa na trafiki Usagara, lakini kubwa zaidi ni bima: ukigonga mtu na daraja la leseni halilingani na chombo, umeipa kampuni sababu ya kukataa kulipa. Maliza leseni kabla ya kulipia pikipiki.

Nafasi ya kwanza: TVS HLX 150 na Bajaj Boxer 150

Tumeziweka pamoja kwa sababu tofauti yao ni ndogo kuliko ubishi wa vijiweni. Boxer 150 ina injini ya CC 144.8 na nguvu ya farasi kama 12. HLX 150 iko hapo hapo. Zote zinapozwa kwa hewa, zote zina kiki na stata, na spea zake utazikuta kuanzia Igoma hadi Nansio. Kwa anayetoka 125, kukaa, klachi na urefu ni vile vile, kwa hiyo kitu kipya cha kujifunza ni mwendo tu. Ukiendesha kwa utulivu, lita moja inakupa kilomita 40 hadi 50.

Angalia mawili dukani. Moja, gia: zipo za gia nne na zipo za gia tano. Kama unakwenda Magu au Misungwi mara kwa mara, chukua ya tano, injini itazunguka kwa utulivu ukiwa kwenye 70. Mbili, breki ya mbele. Nyingi zina breki ya dramu, ambayo inatosha mjini lakini inachoka kwenye mteremko mrefu ukiwa na mzigo. Ukikuta yenye diski mbele, ongeza hela uichukue. Dramu pia ikilowa inapoteza ukali kabisa. Ukishavuka maji, gusa breki kidogo kidogo mita kama 50 ili ijikaushe, usisubiri mpaka umhitaji Mungu.

Nafasi ya pili: Honda XR150L

Kama makazi yako au kazi yako iko nje ya lami, yaani vijiji vya Sengerema, Ukerewe, au ndani ya Magu kwenye udongo mweusi wa mbuga, hii inapanda kuwa ya kwanza. Nguvu zake hazizidi za Boxer 150. Unacholipia ni shokapu ndefu, rimu ya inchi 19 mbele na 17 nyuma, diski mbele, na uwazi mkubwa chini ya injini. Gurudumu kubwa la mbele linapita juu ya jiwe ambalo la inchi 17 lingeligonga, na Mwanza mawe hayaishi.

Shida yake ni urefu. Kiti kiko zaidi ya sentimita 82 kutoka chini, na uzito wake ni karibu kilo 130. Ukiwa mfupi, mjaribu muuzaji uvumilivu: panda, vaa viatu utakavyoendeshea, uone kama unaweza kukanyaga kwa mguu mmoja mzima huku mwingine uko kwenye breki. Ukigusa kwa ncha za vidole tu, utaiangusha ukiwa umesimama, hasa kwenye mteremko wa Isamilo au ukisubiri zamu ya kuingia kivukoni Kamanga. Spea zipo, lakini kwa bei ya juu na kwa kuagiza baadhi yake. Ulizia bei ya seti ya cheni na pedi za breki kabla ya kulipa.

Nafasi ya tatu: TVS Apache RTR 160 na Bajaj Pulsar 150

Hizi ni za mtu wa lami. Apache ina CC 159.7 na nguvu ya farasi kama 15, Pulsar haiko mbali. Breki ni nzuri kuliko za kundi la kwanza, zinatulia kwenye mwendo, na mkao unakuinamisha mbele kidogo. Kwa njia ya Buhongwa hadi mjini, au safari ya Bunda kwa lami mwanzo mwisho, zinapendeza. Kwenye vumbi zinachosha: tairi ni za lami, usukani ni mfupi, na ukikutana na mchanga mzito mbele panacheza.

Abiria naye anakaa juu na amebanwa, kwa hiyo kwa biashara ya bodaboda hazifai, na mshikaki ndiyo usahau kabisa. Pulsar 150 ina plagi mbili. Fundi akikubadilishia moja tu akakuambia yamekwisha, tafuta fundi mwingine.

Nafasi ya nne: Yamaha DT 125 na XTZ 125 zilizotumika

Zinauzwa sana baada ya miradi na mashirika kufunga ofisi. DT ya zamani inatumia mafuta yaliyochanganyika na oili, na nguvu yake haiji taratibu. Inanyamaza, halafu inaruka ghafla. Mgeni wa pikipiki hapo ndipo anapoinua gurudumu la mbele bila kukusudia. XTZ ni mpole zaidi, ina gurudumu la inchi 21 mbele na inafaa kijijini, ila kiti kiko sentimita 84. Haina nguvu ya ziada ya kukushangaza, unanunua uwezo wa njia mbaya tu.

Nafasi ya mwisho kwa mtu mpya: Pulsar NS200, Apache RTR 200, na Himalayan

NS200 inatoa farasi zaidi ya 23, inapozwa kwa maji, ina plagi tatu. Ni pikipiki nzuri mikononi mwa aliyekomaa. Kwako wewe inamaanisha rejeta ya kutunza, fundi wachache wanaoielewa, na mwendo wa 100 unaofika haraka kwenye barabara yenye ng'ombe, baiskeli na rasta zisizo na alama. Royal Enfield Himalayan ya CC 411 haina papara, lakini ina kilo 199. Ikilala kwenye mchanga wa ufukweni huinui peke yako. Rudi kwenye kundi hili baada ya mwaka mmoja na nusu wa 150.

Za Kichina za CC 200 zenye umbo la kupanda milima zinavutia kwa bei. Injini zake nyingi ni za kawaida na zinatengenezeka; kinachokufa mapema ni nyaya, beringi za magurudumu na spoku. Ukichukua, tenga hela ya kubadili beringi na kukaza spoku mwezi wa kwanza.

Ukinunua iliyotumika

Hapa ndipo hela nyingi zinapotea, kwa hiyo usiwe na haraka. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha sogeza kiganja karibu na silinda. Kama ni ya moto, kuna shida ya kuwaka asubuhi aliyotaka kuificha. Iwashe kwa kiki wewe mwenyewe. Moshi wa bluu usiokoma kwenye injini isiyochanganya oili ni ringi za pistoni au sili za valvu. Mweusi ni kabureta au chujio la hewa lililoziba, hilo ni dogo. Mweupe wa dakika ya kwanza ni mvuke tu. Mlio mwepesi wa kuchakacha upande mmoja wa silinda mara nyingi ni cheni ya taimingi. Mlio mzito kutoka chini, unaoongezeka ukivuta resi, ni beringi za kranki, na hapo ondoka.

Simamisha kwa stendi kubwa, gurudumu la mbele likae hewani, ugeuze usukani polepole kwa kidole. Ukinasa katikati, beringi za shingo zimeisha, na kwa pikipiki ya barabara za mawe hii ni kawaida. Shika shokapu za mbele kwa chini uzivute kwako: zikicheza, ni beringi hizo hizo au bushi. Nenda nyuma, tikisa gurudumu kushoto na kulia usikie bushi za swingamu, yaani mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Vuta cheni kutoka nyuma kabisa ya sproketi. Ikiinuka ukaona nusu ya jino, imekwisha. Meno ya sproketi yaliyopinda kama ndoano yanamaanisha unabadili vyote vitatu, cheni na sproketi zote mbili, maana cheni mpya kwenye sproketi mbovu haidumu.

Pikipiki nyingi za mkononi hapa zimebeba samaki. Maji ya ziwa hayana chumvi, lakini maji ya barafu ya tenga la sangara na dagaa wenye chumvi yanatiririka kwenye fremu ya nyuma kila siku. Inua kiti. Kwaruza kwa ufunguo pale kerea inapofungwa, na kwenye maungio ya shokapu za nyuma. Kutu ya juu si neno, lakini chuma kinachobanduka kama maganda kinakataliwa, hata bei iwe nzuri namna gani. Angalia na waya zilizo chini ya kiti: za kijani kwenye maungio ndizo zitakazokuzimia taa usiku Kisesa.

Kisha panda kilima. Ukiwa gia ya tatu kwenye 30, vuta resi yote. Injini ikipaza sauti bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Kwenye mteremko kagua kama breki ya mbele inashika bila kuvuta upande mmoja.

Namba ya chesisi imepigwa shingoni mwa fremu, ya injini iko kwenye injini. Soma zote mbili dhidi ya kadi, tarakimu kwa tarakimu, na ukiona chuma kimekwaruzwa au kuchomelewa hapo, acha. Kagua faini za barabarani kwa namba ya usajili, kwa sababu deni linafuata chombo. Mkataba uandikwe, kila mmoja awe na TIN na kitambulisho, na umiliki uhamishwe TRA. Usikubali kutembea na kadi ya jina la mtu kwa ahadi ya "tutabadilisha baadaye".

Wiki za mwanzo

Kabla ya kubeba mtu, tafuta uwanja mtupu Jumapili asubuhi ufanye mazoezi ya kusimama kwa ghafla: mara kumi kwenye 30, kisha mara kumi kwenye 40. Breki ya mbele ibanwe kwa kuongeza nguvu taratibu, isishikwe kwa kushtukia. Kwenye mchanga kaa nyuma kidogo, resi iwe ile ile, usishike breki ya mbele. Kwenye Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa 2025 na lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3, upepo wa ziwa unasukuma kutoka pembeni. Legeza mikono, bana tangi kwa magoti, na weka nafasi ukipishana na basi. Helmeti iwe na kioo cheupe cha kufunga, maana jioni wadudu wa ziwani wanajaa barabarani na miwani ya jua haitakusaidia.

Kama ni mpya, usivute resi mpaka mwisho kwa kilomita 1,000 za mwanzo. Mwaga oili ya kwanza kwenye kilomita 500, karibu lita moja inatosha kwa 150 nyingi, lakini thibitisha kwenye kitabu chake. Siku hiyo hiyo mwambie fundi akaze spoku na boliti za injini, na aache cheni ikicheza milimita 20 hadi 30 katikati.