Bloku za zege jepesi la mvuke: uzoefu wangu kwenye kuta na kwenye slabu

Kuta za nyumba yangu nimezijenga kwa bloku za zege jepesi, zile nyeupe zenye vitundu vidogo vilivyojaa hewa, na slabu ya ghorofani ni paneli za zege hilohilo, yaani mabamba makubwa yaliyotengenezwa kiwandani. Nimeishi humo vya kutosha kuona mvua, joto na nyufa. Kwa kuta, ningezichukua tena kesho. Kwa paneli ningezichukua pia, ila kwa masharti makali zaidi.

Uzuri wa bloku hizi na usumbufu wake vinatoka mahali pamoja, yaani namna zinavyotengenezwa. Mchanga uliosagwa laini, chokaa, saruji na jasi kidogo huchanganywa na maji, kisha hutiwa unga wa aluminiamu, kiasi kidogo mno. Aluminiamu ikikutana na chokaa hutoa gesi ya haidrojeni, na uji wote huumuka kama unga uliotiwa hamira. Gesi hutoka, hewa hubaki. Ukishakaza kiasi hukatwa kwa waya, halafu hupikwa kwa saa nyingi ndani ya otoklevu, tangi kubwa la mvuke wenye joto la nyuzi 190 hivi. Msanifu majengo wa Sweden, Johan Axel Eriksson, ndiye aliyegundua utaratibu huu miaka ya 1920, na kiwanda cha kwanza kikaanza kazi hukohuko Sweden mwaka 1929. Kwa hiyo si kitu cha kujaribiwa kwangu na kwako.

Uzito ndio unaoonekana mapema. Bloku ya sentimita 60 kwa 20 kwa 20, kwa zege la kilo 550 kwa mita ya ujazo, ina kilo 13 na kidogo ikiwa kavu. Ya zege la kawaida la ukubwa huohuo, isiyo na matundu, ingepita kilo 50. Zinapofika kutoka kiwandani huwa bado zina maji ndani, basi msishangae zikiwa nzito kuliko ilivyoandikwa. Hata hivyo mtu mmoja anainua, anapanga, na ukuta unapanda haraka.

Lakini kasi hiyo inategemea kozi ya kwanza, yaani mstari wa chini kabisa wa bloku, na hapa ndipo ningemwomba kila anayejenga awepo yeye mwenyewe. Kozi ya kwanza hulazwa juu ya udongo wa kawaida wa saruji, juu ya karatasi ya kuzuia unyevu, na kila bloku hupimwa kwa pima maji kwa urefu na kwa upana. Kuanzia ya pili unatumia gundi maalumu ya milimita 2 au 3 tu, inayopakwa kwa mwiko wenye meno. Fundi aliyezoea kuficha tofauti ndani ya udongo wa sentimita 2 hana pa kuificha tena. Fundi wangu alilielewa hilo vizuri. Kila alipomaliza kozi alipitisha ubao wa msasa juu yake, akasugua pale paliponyanyuka, akafagia vumbi lote kwa brashi, ndipo akapaka gundi. Vumbi likibaki, gundi inashika vumbi, haishiki bloku. Ukigonga bloku iliyolazwa vibaya utaisikia, mlio wake ni mfu. Na vumbi lenyewe lina silika, hivyo barakoa ni lazima kwa anayekata na kwa anayesugua.

Kukata ni raha tupu: msumeno wa mkono wenye meno magumu unatosha. Mifereji ya mabomba ya umeme huchimbwa kwa kifaa cha mkono bila kupasua ukuta mzima. Upande wa pili wa ulaini huo ni kwamba kona zinavunjika ovyo. Wapakuaji walioletwa na msambazaji walizirusha chini kama magunia, na sehemu ya mzigo ikabaki ya vipande vya kujazia. Kubalianeni juu ya upakuaji kabla ya kulipa.

Sehemu iliyonifunza zaidi ni plasta. Bloku hizi hunywa maji. Ukipiga plasta ya saruji nyingi, ile ngumu ya siku zote, ukuta unanyonya maji yake kabla haijakaza, nayo ikikauka ni ngumu kuliko kilicho nyuma yake, inapasuka au kuachia. Tulitumia plasta nyepesi yenye chokaa, tukalowesha ukuta kidogo kabla, na kwenye maungio ya nguzo za zege tukaweka wavu wa faiba. Ukuta wa nje tuliuacha ukauke kwanza. Palipo na wavu pametulia mpaka leo. Kwa ukuta mrefu, acheni nafasi ya kutanuka kila takriban mita 6, maana bloku husinyaa kidogo kadiri zinavyopoteza maji. Chini ya usawa wa ardhi sikuziweka kabisa. Msingi ni wa bloku nzito za kawaida.

Kutundika vitu kunataka akili. Msumari na plagi ndogo za plastiki za kushikia skrubu hazina kazi humu. Toboa bila kuwasha mpigo wa nyundo wa drili, tumia plagi ndefu za zege jepesi, na kwa tangi la maji ya moto pitisha bolti hadi upande wa pili, uweke bamba la chuma.

Joto ndilo lililonifanya nizipende. Zege hili hupitisha joto kwa kiasi kidogo sana, karibu sehemu moja ya kumi ya zege zito, na ukuta unaopigwa na jua la mchana haunipi joto usiku. Moto haziwaki. Sauti, hapana: wauzaji husema chumba kitakuwa kimya, lakini ukuta mwepesi haukingi ngurumo za besi. Kati ya vyumba vya kulala chagueni unene mkubwa zaidi.

Sasa paneli. Hizi zina nondo ndani, na zege lenye vitundu haliilindi nondo kama zege zito linavyofanya, kwa hiyo nondo hupakwa dawa ya kuzuia kutu kiwandani. Paneli ya slabu usiikate kwenye saiti hata kidogo, kwa sababu unakata vyuma vya mwisho vinavyoishikilia na kuufungulia unyevu njia. Uingereza walijifunza kwa gharama: paa la shule moja huko Kent lilianguka mwaka 2018, na mwaka 2023 shule zaidi ya 100 za England ziliambiwa zifunge majengo au sehemu zake kwa sababu ya paneli za zamani za aina hii. Nyingi zilikuwa kwenye mapaa bapa yaliyovuja, na baadhi zilikalia ukuta kwa upana mdogo mno.

Zangu ziliinuliwa kwa kreni, zikakalia mkanda wa zege, viungo vikamiminiwa zege pamoja na nondo. Kabla ya hapo nilidai mchoro wa mhandisi wenye upana wa kukalia, mzigo unaoruhusiwa na kila tundu la bomba limeonyeshwa, na matundu hayo yakatengenezwa kiwandani. Juu ya bafu niliweka slabu ya kumwagwa, si paneli. Msambazaji asiyeweza kukupa mchoro huo, nunua kwake bloku za kuta, slabu umwage mwenyewe.